Nusu ya Mkate Wangu

Mimi ndiye nilifungishwa ndoa kanisani, pete nikavalishwa. Mke mwenzangu alikuja miaka tisa baadaye na begi moja na kuku wawili, na nilimchukia kabisa. Mzee wetu alipokufa, kijiji kizima hapa kwetu Ziwa kilingoja nimfukuze. Sikumfukuza. Nilipovunjika nyonga, ni yeye alinikogesha miezi mitatu. Watoto wangu walikuwa wanapiga simu kutoka Eldoret mjini. Simu haisugui mtu mgongo.

Wajukuu tunao kumi na saba, wazuri wote. Ukiniuliza yupi ni wangu na yupi ni wake, nitakufukuza wewe.

Lakini kanisani alikatazwa meza ya Bwana, asile ule mkate mtakatifu. Eti ni mke wa pili. Wa pili kwa nani, na mume mwenyewe yuko kaburini? Siku ya meza mimi naenda mbele, yeye anabaki benchi ya nyuma akinishikia fimbo.

Mwaka huu kifua kilianza kumsumbua. Tukiwa tunapukuchua mahindi akaniuliza, "Mkubwa, huo mkate uko na ladha gani?"

Miaka yote hiyo hajawahi kuuliza. Nikainamia mahindi.

Jumapili nilipokea kipande changu na sikukitia mdomoni. Nilirudi nacho mpaka nyuma, bila fimbo, nikichechemea kanisa yote ikiniangalia. Nikakikata mbele yake. "Shika nusu yako."

Mzee wa kanisa akanifuata mbio. "Mama, hiyo hairuhusiwi!"

"Imekatazwa na nani?"

"Ni utaratibu, Mama."

"Bwana alikula na watoza ushuru. Wewe unaogopa mama ya kukamua ng'ombe?"

Kuna mtu alicheka. Mwenzangu alikuwa ameshaweka mkate mdomoni, macho amefunga, machozi yanashuka. Akatafuna polepole, akameza.

"Mkubwa," akaninong'oneza, "kumbe hauna chumvi."

Wameniandikia barua. Shule niliacha darasa la tatu, lakini niliisoma mwenyewe, neno kwa neno, kidole juu ya karatasi: hata mimi nisikaribie meza mpaka nitubu mbele ya watu.

Basi sasa tunakaa wawili benchi ya nyuma, fimbo katikati yetu. Nyimbo tunaimba kwa sauti kushinda wa mbele. Dhambi zangu nazijua, na nyingine ni kubwa; hizo natubu kila asubuhi. Hii ya mkate wataingoja.