Trekta la Siku za Eda

Mume wangu alifariki baridi ilipokuwa inaondoka Muscat, nami nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi sikutakiwa kutoka nje ya nyumba yetu ya Bawshar ila kwa dharura. Siilalamikii sheria ya Mungu. Nasema tu kwamba kukaa ndani kwa hiari na kukaa ndani kwa kuwa huna ruhusa ya kutoka ni mambo mawili, hata kama kiti ni kile kile na kahawa ni ile ile.

Wiki za mwanzo sikuhisi kitu. Wanawake waliingia na kutoka na machupa ya chai na sahani za haluwa, wakanisomea, wakanililia. Kila mmoja alikuja na sharti lake. Mmoja alinikataza manukato, na hilo nalijua. Mwengine akanikataza kuutazama mwezi. Wa tatu akasema nisijitazame kiooni. Nikawa nawaitikia wote, kwani nilikuwa sina nguvu ya kubishana. Matanga yalipokwisha, nyumba ikabaki na mimi, mlio wa kiyoyozi, na binti yangu, ambaye kila asubuhi alichukua gari kwenda kazini Al Khuwair na kurudi alasiri amechoka.

Nyuma ya nyumba yetu, ng'ambo ya njia nyembamba, liko shamba langu. Nalisema langu kwa sababu alinipa baba yangu kwa hati, nilipoolewa. Si kubwa. Ni mitende, midimu, miembe michache, mkunazi mmoja na miti ya ghafu iliyoota yenyewe, imesongamana hata mchana ndani yake kuna giza. Kando ya ukuta unapita mfereji wa falaji unaoleta maji, na juu yake kijidaraja cha kuingilia. Katika siku za eda shamba lilikuwa mbali nami kama Unguja. Kutoka dirisha la bafu la juu, nikipanda kijibao, niliona vichwa vya mitende tu.

Mtu wetu wa shamba ni Mbangladeshi wa makamo ambaye tumekaa naye miaka mingi. Mwaka ule goti lake la kushoto lilikuwa limeharibika. Yeye na marehemu walikuwa wakibeba makuti na samadi kwa toroli, mmoja akivuta na mmoja akisukuma. Sasa amebaki peke yake, na makuti makavu yalikuwa yanarundikana chini ya miti huku joto likikaribia. Bustani ya jirani iliwahi kuungua kwa makuti kama hayo. Kwa hiyo trekta dogo tulilokuwa tukilizungumza miaka mitatu, mimi na mume wangu, halikuweza kungojea tena, na mafao yangu ya ualimu yalikuwepo.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuja Ijumaa moja baada ya sala. Ni mstaafu wa jeshi na sauti yake haijastaafu. Alikaa sebuleni, mimi nikakaa chumba cha pili, mlango umefungwa nusu, na binti yangu katikati.

"Nimeshalipata," alisema. "La bluu. Nguvu zake farasi hamsini. Lina beleshi mbele, linanyanyua gogo zima."

"Kuna mengine?" niliuliza.

"Kuna dogo la rangi ya chungwa, kama la kuchezea watoto. Achana nalo. Marehemu angelitaka hili la bluu."

Alikuwa anasema kweli. Mume wangu alipenda vitu vikubwa. Akiona greda barabarani alipunguza mwendo alitazame. Ningewezaje kubishana na mtu aliyekufa, tena kwa mdomo wa ndugu yake, tena nimekaa nyuma ya mlango? Nikasema, "Inshallah kheri." Shemeji akalichukua hilo kuwa ndiyo.

Alipoondoka nilipanda bafuni, nikasimama juu ya kile kijibao muda mrefu. Nilikuwa najua kila mti katika lile shamba, upi umeinama na upi una mizizi ya kukwaza mguu. Na trekta la kupita baina yake lilikuwa linachaguliwa na mtu ambaye kila akija hukaa barazani na viatu vyake visafi.

Jumamosi yake binti yangu alifuatana na ami yake kwenye duka la mashine. Nilimwomba anipigie simu ya picha. Nikayaona matrekta mawili yamepangwa sakafuni, yanang'aa. La bluu lilikuwa zuri kweli, na matairi yake yalimfika binti yangu kifuani. La chungwa lilikuwa fupi, kiti chini, kama punda karibu na farasi. Kisha nikasikia nyuma ya binti yangu mtu anamwambia mwenzake, "Hii iko na shida kidogo ya betri."

"Huyo anasema Kiswahili?" niliuliza.

"Ndiye muuzaji, mama. Mkenya."

"Ami yako yuko wapi?"

"Ndani, anakunywa kahawa na meneja."

"Basi mpe simu huyo Mkenya."

"Mama!"

"Mpe, mwanangu. Zima tu picha, mie nataka sauti yake."

Kijana yule alikuja kwenye simu kwa adabu. "Shikamoo mama. Nimeambiwa mna msiba. Pole sana."

"Marahaba, ahsante. Nisikilize, baba. Mie siwezi kuja kuyaona, niko eda. Ungekuwa wewe mwenye shamba langu, ungechukua lipi?"

Akasitasita. "Lakini mama, mzee ameshaamua hii ya bluu."

"Mzee si mwenye shamba. Mwenye shamba ni mie."

Nilisikia anasogea kando, kelele za duka zikapungua. Akaniuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Miti imekaribiana kiasi gani? Matawi yako chini? Nitavuta nini, tela au jembe? Nani ataendesha? Nikamweleza habari ya goti la mtu wetu.

"Basi hapo mama nikuambie ukweli. Ya bluu ina klachi, na klachi ni mguu wa kushoto. Siku nzima kwa goti bovu, atalia. Hii ndogo haina klachi. Unakanyaga pedali moja kwa mguu wa kulia, vidole mbele inaenda, kisigino nyuma inarudi. Na ile chuma ya nyuma ya kiti, ya kumkinga dereva ikipinduka, hii ndogo unaweza kuikunja ukipita chini ya matawi. Lakini usije ukanilaumu baadaye. Beleshi ya hii ni ndogo, haiwezi kunyanyua gogo zito. Kama unataka nguvu, ni ya bluu."

"Na upana?"

"Ya bluu, na hiyo beleshi, ni kama mita moja na nusu na zaidi. Hii ndogo ni mita moja na robo. Njia yako iko upana gani?"

Sikujua. Miaka yote nilipita kwa miguu, sikuwahi kupima. Nikamwambia nitapima, kisha nikacheka mwenyewe, kwani nitapimaje?

Kabla hajarudisha simu alisema, "Mama, najua hiyo ya kukaa ndani. Mimi baba yangu alizikwa nikiwa hapa, likizo yangu haikuwa imefika. Niliona mazishi kwa simu, hivi hivi." Nikampa pole. Naye akasema ahsante, akampa binti yangu simu.

Jioni ile nilifungua kasha langu nikatoa kanga moja, nikampa binti yangu. "Nenda kwenye kile kijidaraja cha falaji, pale mkunazi unapokaribia ukuta. Hakuna njia nyengine ya kuingilia ndani. Tandaza kanga kwa urefu, kutoka mti mpaka ukutani, unambie."

Alirudi na vumbi kwenye abaya. "Kanga imezidi, mama. Imebaki shibiri nzima, nimeikunja."

Tukaipima kanga kwa futi ya kushonea, tukatoa shibiri. La bluu halipiti. La chungwa linapita na nafasi ya kiganja kimoja inabaki.

Ijumaa iliyofuata nilimwambia shemeji kupitia ule mlango uliofungwa nusu. Nilidhani hesabu itatosha. Akajibu papo hapo, "Basi mkunazi tutaukata. Mti mmoja tu! Nnaleta mtu kesho na msumeno."

Nilihisi chumba kinanibana, kama kwamba kuta zimesogea. Majani ya ule mkunazi ndiyo aliyooshewa mume wangu. Binti yangu aliyachuma asubuhi ile ya msiba, mimi mwenyewe nikayaponda, na shemeji mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliomuosha. Sijui kama alisahau, au majani yalimfika yakiwa yamekwisha kupondwa asijue yametoka wapi. Kesho angeweza kuja na msumeno, nami ningekuwa nimesimama juu ya kijibao, nasikia mlio, sioni kitu.

"Shemeji," nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "mkunazi haukatwi. Na trekta nnataka la chungwa."

"Unataka? Umeliona wapi?"

"Nimemuuliza muuzaji."

Akasema polepole, akimwambia binti yangu na si mimi, "Mama yako anazungumza na wauza trekta?"

"Kwa simu," nilisema. "Kwa haja yangu. Eda imenifunga mlango, haikunifunga ulimi. Na kama marehemu angelitaka la bluu, na kweli angelitaka, basi angekuja akagombana na mie, na mie ningemshinda, kama nilivyokuwa nikimshinda."

Nilisikia kikombe kinawekwa chini. Shemeji aliaga, akatoka. Siku ya pili alikuja mkewe, uso umekunjana. "Watu watasema nini? Mjane hajamaliza eda, anapiga soga na Mkenya!" Nikamwambia halikuwa soga, lilikuwa pedali na klachi. Hakucheka. Na mimi, kusema kweli, nilipobaki peke yangu nililia, kwa sababu neno lake lilinichoma. Nilianza kujiuliza kama kweli nimemvunjia marehemu heshima, na sikuwa na pa kwenda kulitembeza swali hilo. Mtu aliye huru akishikwa na fikra mbaya huenda sokoni. Mimi niliizungusha jikoni, ukumbini, chumbani, nikarudi nayo jikoni.

Hata hivyo sikulibadili neno langu, na trekta la chungwa lililetwa wiki mbili baadaye. Binti yangu ndiye aliyetia saini kwa niaba yangu. Mimi nilikuwa bafuni, juu ya kijibao. Nilisikia lori linashusha, nikasikia injini inawaka kwa mlio mdogo kama cherehani kubwa, kisha mtu wetu akapiga ukelele wa kusifu kwa Kiarabu chake, "Zein! Zein!" Vichwa vya mitende havikutikisika hata kidogo. Hayo ndiyo yote niliyopata ya trekta langu kwa wiki saba: mlio asubuhi, mlio alasiri, na harufu ya dizeli upepo ukigeuka.

Siku ya kutoka eda nilikoga, nikasali, nikavaa. Binti yangu alitaka kunipeleka Yiti nikaitazame bahari. Nikamwambia shamba kwanza. Nilipofika mlango wa nyuma nilisimama, kama anayengojea aambiwe nenda. Hakuna aliyesema. Nikajiambia mwenyewe.

Chini ya miti palikuwa pasafi, makuti yote yameondolewa. Mtu wetu alinifutia kiti cha trekta, nikapanda. Nilikuwa nimetarajia furaha. Niliyoipata ni uchovu mkubwa, na joto la mwezi wa Juni. Nikakanyaga kwa vidole, trekta likaenda, likaenda, mpaka mbele yangu pakawa na ukuta na mitende miwili huku na huku, na mimi nimesahau kila kitu. Nilikaa pale nimekwama, mikono imeshika usukani, jasho linanitoka, sithubutu kusogea. Mtu wetu alikuja akichechemea, akanionesha kisigino chake mwenyewe. Nikakanyaga kisigino. Likarudi.

Mwezi wa Julai upepo uliangusha mtende mmoja mzee. Trekta lilijaribu kuunyanyua, likainua matairi ya nyuma badala yake. Yule Mkenya alinionya, nami nilikumbuka maneno yake nikiwa nalitazama. Hapakuwa na njia ila kumpigia simu shemeji, ambaye hakuwa amekanyaga kwetu tangu siku ile.

Alikuja na msumeno. Akauzunguka mtende, akalizunguka trekta, akasema, "Nilikwambia."

"Ulinambia," nilisema.

Akaukata mtende vipande vitatu, na trekta likavibeba kimoja kimoja kupitia kijidarajani. Cha tatu alikipeleka mwenyewe, magoti yake yanagonga usukani, mpaka langoni na kurudi. Alishuka, akajipangusa vumbi la suruali, akasema kiti cha trekta ni kizuri. Kisha akauliza kama kahawa ipo.