Siku Tatu Alizobakiwa Nazo Povu

Kule chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Povu, na hakuna aliyemwita jina lingine, hata msimamizi. Usidhani ni kwa sababu ya sabuni. Ni kwa sababu ukimsukuma kidogo tu anaenda unakotaka. Nesi akishuka saa ya kufunga na furushi la mashuka yenye damu, akasema "kaka yangu, nisaidie hili tu," wenzake wote wanainama ghafla kufunga kamba za viatu. Povu anapokea furushi. Tena anasema asante.

Kazini kwao kitu cha thamani si mshahara, ni siku ya likizo. Mashine zile kubwa hazilali, na ukikosa siku bila ruhusa, nafasi yako ina watu wanaoisubiri pale getini. Mwaka ule Povu alikuwa amebakiwa na siku tatu. Nyingine zote alizimalizia kwenye foleni za kliniki na mama yake.

Mama mtu alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilishazimika kitambo. La kulia lilikuwa bado linaona mlango, dirisha, na nyuso za watu wakisogea karibu. Daktari alisema wazi: hili likipasuliwa mapema litabaki hapo lilipo, likicheleweshwa litamfuata mwenzake, na likienda ndiyo limekwenda, hakuna dawa ya kulirudisha. Madaktari wa upasuaji ule hawakai pale. Wanakuja mara moja kila baada ya miezi minane, wanapasua siku nne, wanaondoka. Mama akapangiwa siku yao ya mwisho, Alhamisi, saa mbili asubuhi, maana siku hiyo wanafunga mapema. Masharti yalikuwa mawili: asile kitu, na aje na mtoto wake wa kuzaa wa kutia sahihi. Na mtoto alikuwa mmoja tu, Povu.

Kwa hiyo zile siku tatu zilikuwa za mama. Alhamisi ya kupasuliwa, na mbili za kumuuguza.

Sasa wiki mbili kabla, Povu akafungua pipa jipya la sabuni ya unga, akaona mfuko wa plastiki juu ya sabuni, na ndani yake kadi inayong'aa. HONGERA. Likizo ya bure kwenye bustani ya michezo, siku mbili, baba, mama na watoto wawili. Usafiri bure, kulala bure, kiingilio bure. Tarehe imeshachapwa: Jumanne na Jumatano ya wiki ile ile ya upasuaji. Haibadilishwi.

"Bure?" akasema Mzee wa Pasi, fundi wa kunyoosha mashuka, mtu aliyeunguza vidole mpaka havisikii tena moto. "Wewe Povu, siku hizi hata mafua ukiyapata lazima ulipie leso."

"Mzee, imeandikwa hapa."

"Na mimi kwenye kitambulisho nimeandikwa kijana."

Wakacheka wote. Lakini Povu alikuwa ameshaitia kadi mfukoni, na usiulize alivyotembea siku ile kurudi nyumbani. Mtu hajawahi kushinda hata mchezo wa karata.

Mkewe aliishika ile kadi kwa ncha za vidole kama nepi chafu.

"Na Alhamisi je?"

"Tunarudi Jumatano jioni, mke wangu. Basi linaondoka kule saa sita mchana. Alhamisi saa mbili mimi na mama tuko mlangoni."

"Na hizo siku mbili za kumuuguza?"

"Utamuuguza wewe. Si ni mama yako pia?"

"Mpe mtu mwingine hiyo zawadi, baba watoto."

"Watoto wameshaambiwa."

"Wameambiwa na nani?"

Povu akaangalia dari.

Mama mtu alikuwa pale pale kwenye kiti chake karibu na dirisha, anasikia kila kitu. Akasema, "Waacheni watoto wakacheze. Jicho langu lina miguu? Mtalikuta."

Jumanne wakaenda. Binti wa miaka kumi na mdogo wake wa sita waliimba njia nzima mpaka dereva akaomba amani. Getini wakafungwa bangili za karatasi mkononi, nyeupe. Ndani, kila mchezo ulikuwa na kijana kwenye kiti kirefu, na kila kijana akiona nyeupe anatikisa kichwa. Nyeupe ni ya kuingia. Ya kupanda ni nyekundu, na nyekundu inanunuliwa.

"Baba," akauliza mdogo, "sisi yetu ni ya kuangalia?"

Hilo swali lingemvunja hata jambazi. Povu akatoa fedha aliyoiweka kwa ajili ya dawa za matone za mama, akanunua nyekundu mbili. Maji nayo hayaruhusiwi kuingizwa, unanunua humo humo. Chakula hivyo hivyo. Hadi jioni amebakiwa na nauli ya mtu mmoja, na watoto wamepanda treni ya juu mara moja na vikombe vya kuzunguka mara moja, binti akatapika.

Jumatano saa tatu asubuhi wakaitwa kwenye ukumbi, baba na mama, lazima wote wawili. Kikao kifupi cha shukrani, walisema. Tiketi za basi la kurudi zitagongwa muhuri humo humo baada ya kikao. Watoto wakaachwa nje na dada mmoja wa kuwachora nyuso.

Ukumbini kulikuwa na baridi ya mashine, juisi na biskuti. Wakaketishwa mbele ya kijana mwenye tai na meno mengi. Akamwita Povu "bosi". Tangu azaliwe Povu hajaitwa bosi. Kijana akamfungulia kitabu cha picha: nyumba za mapumziko ndani ya bustani. Unanunua wiki yako moja, kila mwaka, maisha yako yote, unalipa kidogo kidogo.

Mtu ana siku tatu, na mbili kati ya hizo anazila pale pale alipokaa, anauziwa wiki nzima kila mwaka.

"Unaonaje, bosi?"

Na Povu alikuwa ameshakunywa juisi yao. Ameshakula biskuti yao. Kwa malezi yake yeye, mtu aliyekukaribisha, akakukalisha, akakunywesha, humwambii sitaki usoni. Ni kama kumtemea. Akatabasamu, akasema, "Ni kitu kizuri. Tutaangalia."

Mkewe akamfinya paja chini ya meza.

"Safi sana!" Kijana akasimama, akawahamishia meza ya pili, kwa mama mmoja mwenye kikokotoo. Juisi nyingine. Mama yule akauliza habari za familia, na Povu, mjinga wa watu, akamweleza habari za jicho. Mama akamshika mkono, akasema, "Pole sana, baba. Sasa fikiria bibi amepona, anapumzika hapa na wajukuu." Povu machozi yakamlenga. Akasema ni wazo jema. Meza ya tatu.

Karibu nao alikuwepo dereva wa lori, naye kashinda kadi kama wao. Huyo meza ya kwanza tu alisema, "Sitaki, ndugu yangu, nigongee muhuri wangu." Wakamgongea. Dakika kumi, yuko nje na mkewe. Kumbe ilikuwa ni hivyo tu. Mtu unasema sitaki, unakwenda zako.

"Sema sitaki," mkewe akanong'ona. "Baba watoto, saa tano na nusu."

"Subiri amalize kuongea. Si vizuri."

"Basi nasema mimi." Akamgeukia mwanaume wa meza ya tatu. "Kaka, sisi hatununui."

Yule mwanaume hakumtazama hata kidogo. Akamtazama Povu. "Mama anasema hivyo. Bosi mwenyewe anasemaje?"

Na bosi mwenyewe akasema, "Labda tupewe muda wa kufikiri."

Wakapelekwa meza ya nne, ya kufikiri.

Walipotoka na tiketi zao zimegongwa vizuri, muhuri wa bluu kabisa, ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Mahali lilipokuwa basi kulikuwa na doa la mafuta. Watoto walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa barabara, mmoja amechorwa chui, mwingine amechorwa kipepeo, na rangi imeshaanza kutiririka.

"Basi jingine ni kesho saa sita," akasema mlinzi.

Mkewe hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Nenda. Una nauli ya mtu mmoja. Sisi tutalala hapa kwenye benchi la mlinzi. Nenda kwa mama."

Kutoka bustani mpaka barabara kuu ni mwendo wa miguu wa saa mbili. Povu aliukimbia nusu. Akafika njia panda, gari la mwisho la kwenda mjini, la saa saba, lilikuwa limeshapita. Malori yalipita bila kusimama. Alilala kwenye baraza la duka, na asubuhi gari la kwanza likakataa kuondoka mpaka lijae. Akampigia simu Mzee wa Pasi: amchukue mama, amfikishe wodini, aseme mwanawe yuko njiani. Mzee akaenda mbio bila hata kunawa uso.

Saa mbili na nusu nesi wa macho akashika simu ya Mzee wa Pasi.

"Wewe ndiye mwanawe?"

"Ndiyo, dada. Nakubali kila kitu. Mpasueni. Ni mimi Povu, wa kule chini, mnanijua!"

"Nakujua, kaka. Lakini sahihi haipiti kwenye simu."

Mzee wa Pasi akajaribu. Akachukua kalamu, akasema yeye ndiye mtoto wa kuzaa. Nesi akamwangalia zile mvi. "Mzee wangu, huyu mama amekuzidi miaka mingapi? Minne?"

Jina la mama likaitwa saa mbili. Likaitwa tena saa tatu. Saa nne, mara ya mwisho, kisha akaingizwa mwanamke mwingine aliyekuwa kwenye benchi la akiba na watoto wake wawili wamemshika huku na huku.

Povu alifika saa tano na robo, viatu vyeupe kwa vumbi. Gari la madaktari alipishana nalo getini. Masanduku yao ya vyuma yalikuwa yamefungwa juu kwa kamba. Alilipungia mkono, sijui hata kwa nini. Mmoja ndani akampungia pia.

Mama alikuwa bado kwenye benchi, peke yake. Mzee wa Pasi alikuwa ameitwa kazini. Mama alikuwa amevaa joho la kijani la chumba cha upasuaji, miguu peku, mikono juu ya magoti. Hajala tangu jana. Aliposikia hatua akainua uso, akaupeleka huku na huku, akitafuta.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Sogea." Akamshika mashavu, akayavuta karibu mpaka pua zikagusana. "Eh, ni wewe. Umechoka. Watoto wamecheza?"

"Wamecheza, mama."

"Ndiyo maana nakuambia. Utoto haungoji." Akapapasa benchi. "Kaa. Wameniruka kidogo kwa sababu hukuwepo. Sasa umefika, wataniita tena."

Povu akakaa. Mwisho wa ukumbi mhudumu alikuwa anavua mashuka kwenye vitanda vya wodi ya macho, anayatupa kwenye mkokoteni. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa wazi, taa zimezimwa. Ilibidi aseme. Alifungua mdomo.

"Hawajaondoka, eti?" mama akauliza.

"Bado, mama."

"Basi tusubiri."

Akaegemea bega la mwanawe. Mhudumu akapita na mkokoteni, akaja yule wa kupiga deki, akawaomba wainue miguu. Wakainua. Akapitisha tambara chini yao, akaenda. Wakashusha miguu, wakaendelea kukaa.