Furushi la Sare Nyuma ya Maboksi

Respicius wa Bukoba alikwenda Guangzhou, China, kwa ufadhili kusomea kompyuta, na kufikia mwaka 2007 maneno yake yalikuwa mengi kuliko vyeti vyake. Ghala moja la kusafirisha mizigo likampa kazi: daftari la kompyuta liwe na nakala mbili, moja pale ghalani, nyingine Dar es Salaam, zipashane habari kwa mtandao. Sheria ilikuwa moja tu: nafasi moja ya kontena, mwenyewe mmoja.

"Na mtandao ukikatika?" aliuliza Mama Maulida, mfanyabiashara wa Tanga aliyekuwa akimlisha wali wa nazi kila Jumapili.

"Ukirudi, aliyetangulia ndiye mwenye nafasi. Mashine inasoma saa, mama. Haina upendeleo."

Basi mtandao ukakatika kweli. Saa kumi jioni Respicius akamwandikia Mama Maulida nafasi ya mwisho, ya sare za harusi ya bintiye, alizozihangaikia soko la nguo la Shisanhang wiki nzima. Saa moja baadaye karani wa Dar, asiyejua kitu, akampa mtu mwingine nafasi ileile. Kwake huko ilikuwa saa sita mchana. Nakala zilipokutana, mashine ikaona mchana umetangulia jioni, ikamfuta mama wa watu. Msomi wetu alisahau kwamba saa za Dar ziko nyuma ya Guangzhou kwa saa tano!

Jumatatu, kontena likiwa limeshaondoka, Respicius alilikuta furushi la sare sakafuni. Aibu ikamshika. Badala ya kusema, akalisukuma nyuma ya maboksi, akijidanganya kwamba atapata njia. Jumatano ndipo alipojikokota hadi kwa mama.

"Shikamoo mama. Sare zako zimebaki. Mtandao ule..." Akaona uongo haufiki popote. "Si mtandao. Nimekosea mimi. Nimejua tangu juzi."

Mama Maulida akaweka mwiko chini. Hakufoka, na laiti angefoka.

"Jana Brigitte, yule Mkongo wa Lubumbashi, alikuwa na nafasi kwenye kontena lake linalopitia Dar. Akanibembeleza niichukue. Nikamwambia, asante dada, mzigo wangu umeshapanda, kaandika mwanangu mwenyewe." Akachukua sahani. "Kontena lake limeondoka leo asubuhi."

Kisha akampakulia wali, kama kawaida yake. Respicius akakaa mbele ya sahani, mkono usiinuke.