Kioo Hakiweki

Katika mtaa wa watengeneza matandiko ya farasi, mjini Samarkandi, nyumba ya Hosiyat ilijulikana kwa jambo moja: haikuwa na kioo. Mgeni aliyetaka kuweka sawa ushungi wake aliambiwa ainamie ndoo ya maji uani. Wake wachanga, waliokuja kuolewa mtaani baada ya mambo yale, walidhani ni ucha Mungu wa uzeeni. Wakubwa zao walijua, lakini hawakusema. Walinyoosha shingo juu ya ndoo kama wengine, wakajitazama, wakaingia ndani kunywa chai.

Zamani kioo kilikuwapo, tena kilikuwa ndicho kilichomlisha. Hosiyat alikuwa kungwi wa maharusi, kama mama yake kabla yake. Yeye ndiye aliyempamba msichana, akamfundisha pa kukaa na pa kunyamaza, akamshika mkono mpaka nyumbani kwa mume. Alikamua majani ya usma kwenye kikombe, akachovya kijiti kilichozungushiwa pamba, akachora nyusi mbili zikakutana juu ya pua kama mbayuwayu aliyekunjua mbawa. Mwisho wa kila unyusi aliuinua kidogo, kwa kukwaruza tu, na kwa alama hiyo wanawake wa mji mzima waliweza kumwona bibi harusi wasiyemjua wakasema, "Huu mkono wa Hosiyat."

Kilele cha kazi yake kilikuwa kile kioo. Kilikuwa cha mviringo, cha shaba, chenye mpini uliopinda kidogo kwa sababu mama yake aliwahi kukikalia. Bwana na bibi harusi walipokwisha kuketi bega kwa bega, walifunikwa shuka moja vichwani, naye Hosiyat akapenyeza mkono chini ya shuka na kukishika kioo mbele yao, ili waonane uso kwa mara ya kwanza. Wasichana wengi walitetemeka hapo. Naye aliwanong'oneza maneno yale yale aliyorithi pamoja na kioo:

"Tazama, mwanangu, usiogope. Kioo hakiweki."

Warusi walikuwa wamekwisha kuuteka mji, na watu walikuwa wameanza kuzoea ngoma zao za asubuhi, walipokuja wapiga picha. Gavana alitaka kitabu cha nchi yote, cha kupelekwa kwa mfalme wao: misikiti na malango yake, wafinyanzi, vinyozi, wauza barafu, hata ombaomba. Wanaume walisimamishwa wakapigwa picha kwa mbele, kisha kwa ubavu, kama farasi wanaopimwa mnadani, na chini ya kila mmoja kukaandikwa ni mtu wa aina gani: Tajiki, Uzbeki, Myahudi. Mtaani walicheka. Fundi mmoja wa matandiko alirudi akisema ameulizwa yeye ni aina gani, naye akajibu, "Aina ya mwenye njaa."

Lakini kitabu kilipungukiwa wanawake. Hapakuwa na mtu wa kumtoa mkewe.

Siku moja asubuhi mtu alikohoa nje ya mlango wa Hosiyat. Alikuwa Yodgor, aliyekulia nyumba ya pili, na ambaye sasa aliwafanyia Warusi ukalimani.

"Shangazi, hujambo? Ni mimi, mwana wa marehemu mwoka mikate."

"Nakusikia. Siku hizi hata kukohoa unakohoa Kirusi?"

Yodgor alicheka upande wa pili wa mlango. Kama ilivyo desturi, hakuingia. "Nicheke tu, shangazi, lakini nimekuja na fedheha. Wanataka picha za harusi yetu, mwanzo mpaka mwisho. Wamempata mwanamke mmoja wa kule sokoni, kajipamba mwenyewe. Utadhani kapigwa teke na punda."

"Kilemba je?"

"Kombo."

"Na mkufu wa paji?"

"Kaugeuza, vito vimetazama ndani. Ndivyo itakavyokwenda kwa mfalme wao. Watasema maharusi wa Samarkandi ndio hao."

Hosiyat alivunja lozi moja, akavunja nyingine. Mambo ya mfalme hayakumshughulisha. Kilichomkereketa ni ule mkufu uliogeuzwa. Aliuona mbele ya macho yake kana kwamba umegeuzwa kwa makusudi, kumkejeli yeye na mama yake kaburini.

"Na huyo Mrusi," alisema hatimaye, "atamtazama mtu usoni?"

"Hata hamtazami. Yeye anajifunika nguo nyeusi kichwani, anatazama kioo. Ndani ya lile sanduku mna kioo tu, shangazi, naapa. Kikubwa kama mkate."

Yodgor hakudanganya. Ndani ya sanduku mlikuwa na kioo kweli. Ila yeye alisema kioo, na Hosiyat akasikia kioo chake.

Alikuwa na msichana nyumbani, Sanobar, binti wa dada yake aliyefariki. Alimlea tangu akitambaa, na sasa ndiye aliyembebea sinia la mapambo kila harusi. Wenzake Sanobar walikuwa mama wa watoto wawili wawili. Yeye, yatima asiye na mali, alingojea mpaka majirani wakaacha kuuliza. Vuli ile tu ndipo Ashur, fundi wa matandiko, alipomposa, na mama yake Ashur, Bibi Qumri, akavunja mkate wa uchumba pamoja nao.

"Mama mdogo," alisema Sanobar alipoambiwa kwamba yeye ndiye atakayeketi mahali pa yule wa sokoni, "Bibi Qumri akijua?"

"Atajulia wapi? Nitakupaka mpaka mimi mwenyewe nikusahau. Utakaa, utanyamaza, tutarudi. Kioo hakiweki, mwanangu. Kingekuwa kinaweka, changu kingekuwa kimeshajaa wanawake mpaka kimepasuka!"

Wakacheka wote wawili. Hosiyat aliukumbuka mno mcheko ule miaka ya baadaye.

Walikwenda wamejifunika gubigubi mpaka bustani iliyozungushiwa ukuta nyuma ya ngome. Chini ya mforosadi palitandikwa zulia, na pembeni lilisimama sanduku juu ya miguu mitatu. Mahali hapo palinuka dawa kali iliyowasha macho. Bwana harusi alikuwa mfagiaji wa kambi aliyevikwa joho la kuazima. Alikuwa anaona haya kuliko wote, na macho yake hakuyaondoa kwenye magoti yake. Hosiyat alimtoa Sanobar utaji mwenyewe. Akakiweka kilemba, akanyoosha mkufu, vito vikatazama nje, akarudi nyuma hatua chache kuangalia kazi yake. Ilikuwa nzuri. Moyo ulimjaa kiburi, Mungu amsamehe, hata hakuuona uso ulioko chini ya kazi hiyo ulivyopauka.

Mrusi akasema neno. Yodgor, aliyegeuka kuutazama ukuta, akalitafsiri:

"Anataka na kile kioo. Ukishike mbele yao, kama harusini."

Hosiyat akachuchumaa kando ya zulia.

"Anasema uondoe na utaji wako."

"Mwambie mimi kungwi. Bibi harusi yule pale."

Akaushusha utaji wake wa singa za farasi mpaka kifuani, akatoa nje mkono mmoja tu, wenye kioo. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango upepo ukivuma.

"Msitikisike mpaka aseme," Yodgor aliuambia ukuta.

Palikuwa kimya. Katikati ya kimya kile Sanobar aligeuza kichwa kidogo, kama mtoto anayemtafuta mtu wake kwenye umati. Alichokiona ni singa nyeusi. Mrusi alinung'unika, akatikisa kichwa, lakini jua lilikuwa limekwisha kuondoka zuliani, akaacha.

Majira ya baridi yalipita, watu wakiwa wamejikunyata kuzunguka makaa, na halikusikika neno. Masika wazee wa mji waliitwa nyumbani kwa mkuu wa Warusi kumpa salamu za mwaka mpya, ambao kwao huanza majira hayo. Miongoni mwao alikuwapo Haji Ergash, mjomba wake Ashur. Walinyweshwa chai, wakaoneshwa kitabu kikubwa cha picha, na walipofika kwenye wanawake walijifanya wanatazama dari, kisha wakatazama. Wakati wa kuaga kila mzee alipewa picha moja ya zawadi. Haji Ergash alipewa ile ya bibi harusi.

Siku ya kushona magodoro ya harusi, wanawake wa upande wa Ashur walijaa nyumbani kwa Hosiyat na sindano zao. Walitaniana, wakapuliza pamba, wakamcheka mmoja aliyeshona upindo wa nguo yake pamoja na godoro. Ilipotandikwa sufra, kitambaa cha chakula, Bibi Qumri aliingiza mkono kifuani, akatoa picha aliyopewa Haji Ergash, kikaratasi kigumu, na kukiweka katikati ya mikate na zabibu kavu.

"Shoga," alisema, "mkono huu wa nani?"

Ilikwenda mkono kwa mkono. Kila aliyeipokea alifunika mdomo.

"Nyusi hizo ni zako, Hosiyat. Tazama zilivyoinuliwa."

"Na mpini uliopinda huu hapa! Nani asiyeujua?"

"Ya Rabi, uchi wa uso namna hii! Mbele ya wanaume!"

"Uso umefifia," alisema Bibi Qumri taratibu, "kama unautazama majini. Tangu jana nautazama. Kidevu nakifahamu, kisha sikifahamu. Ndugu yangu anasema tuvunje posa kabla hatujavunjiwa sisi heshima. Nikamwambia, ngoja, nitamwuliza mwenyewe."

Mlangoni alisimama Sanobar na sinia la birika. Hakuingia, wala hakurudi nyuma.

Picha ikamfikia Hosiyat. Hakuwa ameiona kabla. Kilemba kilikuwa sawa, na vito vya mkufu ungeweza kuvihesabu. Kila alichokifanya kwa mkono wake kilikuwa wazi kabisa. Kilichofifia ni msichana. Na kando yake pale aliona furushi jeusi lisilo na uso, limetoa mkono mmoja. Ilimchukua muda kujua kwamba furushi lile ni yeye.

Angeweza kuukana mkono. Pengine wangemwamini, kwa kuwa walimpenda. Lakini hapo wangerudi kuutazama ule uso, na kidevu kile, na Sanobar amesimama pale pale mlangoni.

"Mkono ni wangu," alisema.

"Na huyu?"

"Wa sokoni. Hana baba, hana mama. Warusi walimleta, mimi nikampamba."

Mmoja alirudisha sufrani mkate aliokuwa ameushika.

"Malaya?" aliuliza mama mmoja ambaye Hosiyat alikuwa amewapamba binti zake wote. "Umempamba malaya kama bibi harusi? Kwa kioo kile kile ulichomshikia Oygul wangu?"

"Kwa kile kile."

Yule mama akavuta upindo wa nguo yake usiguse magoti ya Hosiyat. Bibi Qumri alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. Aliirudisha picha kifuani.

"Basi. La uso limekwisha, nitamwambia ndugu yangu. Ila siku ya harusi, Hosiyat, wewe usishike kitu. Utanisamehe, shoga. Mimi nina watu." Kisha akageuka, kwa sauti ya upole kabisa: "Njoo, mkwe wangu, mbona umesimama na chai? Itapoa."

Sanobar akaingia, akamimina chai, akianza na wakubwa. Hakumwaga hata tone.

Walipokwisha kuondoka, Hosiyat alimkuta uani anaosha vikombe. Alitaka kumwambia kwamba mambo yametengenea. Kwamba kazi aliyoirithi kwa mama yake imekwenda, lakini posa imesimama. Alitaka, hasa, kusikia akiambiwa ahsante.

"Mwanangu," alianza, "yale maneno niliyoyasema..."

"Nimeelewa, mama mdogo." Sanobar alikigeuza kikombe akaangalia ndani yake. "Nina swali tu. Kama kioo hakiweki, mbona wewe ulijifunika?"

Hosiyat alichukua kitambaa, akaanza kukausha vikombe ambavyo Sanobar alikuwa amekwisha kuvikausha.

Kile kioo alimpa mchuuzi mwanamke aliyepita mtaani, bila kutaka kitu.

Harusi ilifana. Aliitwa kungwi wa mtaa mwingine, mwenye mkono mzito, aliyechora nyusi kama kamba mbili za punda. Hosiyat aliketi karibu na mlango, penye viatu, na wanaopita walimsalimu kwa haraka. Wakati ulipofika, bwana na bibi harusi wakafunikwa shuka, na yule kungwi akapenyeza kioo kipya cha duka la Warusi. Shuka liliinuka upande mmoja, na kutoka pale chini alipoketi, Hosiyat aliweza kuona ndani.

Ashur alikuwa anatabasamu ndani ya kioo. Sanobar alikuwa ameyafumba macho, ameyakaza kama mtu anayepigwa mchanga na upepo.

"Hebu tazama, bibi harusi," alihimiza yule kungwi. "Mara moja tu!"

Hakuyafumbua. Wanawake walioona wakaanza kushangilia.

"Mashallah! Ana haya!"

"Huyu kalelewa, jamani! Siku hizi wanakodoa mpaka kioo kinaona aibu!"

Mmoja wao aligeuka, kwa mazoea, amsifu aliyemlea. Alimwona Hosiyat, akakumbuka, akageukia mbele tena.

Hosiyat akainamisha kichwa. Viatu vya wageni vilikuwa vimetupwa ovyo, hiki huku, kile kule. Akaanza kuvipanga jozi jozi, ncha zikielekea mlangoni.