Tidwen wa Selness, Mpishi Aliyengoja Meza Moja

Alizaliwa mwaka 629 katika shamba moja la Northumbria, mwendo wa siku mbili kutoka baharini. Baba yake alikuwa mfuga nyuki, mama yake mfuma nguo. Wako waandishi wanaopenda watakatifu wao wawe wameanza kusali tumboni mwa mama, na msomaji akitaka hayo ayatafute kwingine. Tidwen alikuwa mtoto kama watoto wote, mbishi kidogo, mwepesi wa kucheka, na mtu wa kula hasa. Alipokuwa na miaka kumi na minne baba yake aliuawa vitani, mizinga ya nyuki ikachomwa, na njaa ikaingia nyumbani. Mama yake akamleta kwetu Selness, katika nyumba ya watawa wanaume na wanawake iliyojengwa juu ya rasi, akamwacha langoni. Alikuja kwa ajili ya mkate. Baadaye yeye mwenyewe alisema hivyo bila aibu, na aliongeza kwamba Mungu hakuudharau mlango huo alioingilia.

Aliyempokea alikuwa Padre Dima, mzee wa Ayalandi, mmoja wa wale waliotuletea Injili wakitembea kwa miguu. Dima alimfundisha kusoma, kuimba zaburi na kuhesabu mwezi. Akampeleka jikoni, na huko Tidwen alijikuta. Alijua moto, alijua unga, alijua pia nani anakula kwa uchungu na nani amekataa chakula kwa sababu amenuna. Katika nyumba yetu kuna desturi ya tangu zamani kwamba mpishi hatii kitu kinywani mpaka mtu wa mwisho awe ameshiba. Wapishi wengine waliifuata huku wakionja hapa na pale kwa kisingizio cha chumvi. Tidwen hakuonja. Alipoweka nadhiri zake mwaka 650 alisema ameielewa Injili nzima kwa njia ya desturi hiyo moja, na sisi tulicheka, maana tulidhani ni mzaha wa jikoni.

Sharti nieleze sasa kilichotugawa, ingawa kukieleza kunaniumiza. Waayalandi walikuwa na hesabu yao ya mwezi ya kuitafuta Pasaka, na watu wa Roma walikuwa na yao. Miaka mingi hesabu hizo zilikubaliana. Lakini mwaka ambao mwezi mpevu uliangukia Jumapili, Pasaka ya Waayalandi ilitangulia ile ya Roma kwa wiki nzima. Mama Mkuu Ethelwara alipokuja kututawala kutoka Kent, alikuja na Padre Eadhelm, mtu msomi, mwadilifu, mkavu kama ubao, na Eadhelm alikuja na hesabu ya Roma. Tangu hapo, katika miaka hiyo mibaya, nusu ya nyumba ilikuwa ikila mayai na mwanakondoo kwa furaha ya Ufufuko huku nusu nyingine ikiingia Jumapili ya Matawi na maharage yake makavu. Tulikaa meza mbili. Nami niliketi upande wa Eadhelm, na nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele zaidi.

Maneno yetu ya siku zile hayafai kanisani, lakini msomaji ajue. Upande wa Dima walituuliza, "Vipi jamani, Kristo wenu bado yuko kaburini? Mpelekeeni basi uji." Sisi tukawajibu, "Kuleni tu, wazee wa paji la upara, mwezi wenyewe umewakimbia." Tulisema paji la upara kwa sababu wao walinyoa sehemu ya mbele ya kichwa, nasi tulinyoa utosi, kana kwamba Mungu hutambua watu wake kwa wembe. Tidwen alipika vyungu viwili, akaandaa meza zote mbili, akala na wale waliochelewa. Tukamuuliza yuko upande gani. "Mimi mpishi," alisema. "Nikijua wote wameshiba, nitawaambia."

Mwaka 664 mfalme aliitisha baraza, na baraza likaamua kwamba nchi nzima ifuate hesabu ya Roma. Wengi walikubali. Padre Dima alikuwa amekwisha kuzeeka, na alisema hawezi kumsaliti aliyemfundisha, ambaye alikuwa amekufa akiifuata hesabu ya Waayalandi kwa dhamiri safi. Padre Eadhelm alisimama mbele yetu sote akasema, "Asiyefunga nasi hatakula nasi." Majira ya kuchipua ya mwaka 665, Dima aliondoka na watawa sita, akavuka mchanga maji yalipokupwa, akajenga vibanda kwenye kisiwa kidogo cha Mewey. Si mbali. Kutoka mlango wa jikoni yetu moshi wao ulionekana kila asubuhi. Tidwen aliwafungia mikate, akawasindikiza mpaka mwisho wa majabali, akarudi akaendelea kukanda unga, akilia waziwazi bila kujifuta.

Pasaka ya mwaka huo alituandalia meza nzuri, wala yeye hakuila. Nilikuwa mbeba magunia wa jikoni na niliona. Wiki zikapita, Pentekoste ikapita, naye bado alikula chakula cha Kwaresima, mkate wa shayiri na maharage mara moja kwa siku, bila jibini, bila maziwa, bila yai. Hakumwambia mtu. Nilimshitaki mimi kwa Mama Mkuu, nikijidai ninamhurumia.

Mama Ethelwara alimwita, akamuuliza ni toba ya dhambi gani anayoifanya.

"Si toba, Mama. Watu saba wa meza yangu hawajala."

"Wamekwenda kwa hiari yao, mwanangu."

"Wakienda kwa hiari, nisiwangoje?" Kisha akauliza, "Je, ni amri nile?"

Mama Mkuu alikuwa mwanamke mkali, lakini alimwogopa Mungu. "Si amri," akasema. "Mtume alitufundisha kwamba katika chakula na katika siku kila mtu yuko huru, ilimradi asimkwaze ndugu yake."

"Basi niache na uhuru wangu, Mama. Simlaumu anayekula. Nawapikia kwa moyo wote. Ila mimi roho yangu iko mlangoni."

Na kweli ilikuwa mlangoni. Kila siku, kazi ya asubuhi ikiisha, alisimama akiutazama ule moshi mpaka apate hakika kwamba wote kule wameamka. Kila Pasaka alivuka mchanga na mkate mkubwa wa maziwa na asali ambao yeye hakuuonja, akamsihi Dima aje, walau mara moja. Dima alimpenda kama binti yake, lakini alikuwa na shingo ngumu kuliko ya Eadhelm. "Waje wao," alisema. "Wao ndio waliofunga mlango. Mimi nilitoka tu." Akirudi alimsihi Eadhelm, naye akajibu, "Aje yeye. Mlango anaujua." Hivyo ndivyo wacha Mungu wawili walivyoringiana juu ya mchanga ambao hata mbuzi wetu waliuvuka. Miaka tisa alikwenda na kurudi. Sijui kama kuna hamu inayomtesa mtu kuliko ile ya kutamani kitu kidogo kilicho karibu, ambacho watu wema wanakuzuilia.

Wako wasemao kwamba katika miaka ile unga wa Selness haukuisha pipani kwa ajili ya sala zake. Mimi ndiye niliyebeba magunia. Unga uliisha, tena mara nyingi. Wanasema pia kwamba ukungu ulimfungulia njia juu ya mchanga. Hilo sikuliona, ingawa hakupotea hata mara moja, na wengine wenye macho mazuri kumzidi walizama. Msomaji achague. Muujiza nilioushuhudia nitausimulia.

Mwaka 674 hesabu zilitofautiana tena. Jumamosi kabla ya Jumapili yetu ya Matawi, ambayo kule Mewey ilikuwa mkesha wa Pasaka, Tidwen alianguka karibu na tanuri akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Mganga wetu alisema mwili umekwisha, na kwamba maziwa na supu huenda vikamrudisha. Akavikataa kwa upole. Padre Eadhelm alikuja kumkemea, nami nilikuwepo, nikichochea moto.

"Dada Tidwen, huu sasa ni ukaidi. Unajiua."

"Padre, naomba nikuulize hesabu. Pasaka ina siku ngapi?"

"Siku nane za sherehe. Wajua."

"Ya Dima ikianza kesho, siku yake ya nane ni lini?"

Eadhelm alianza kuhesabu kwa vidole.

"Ni Jumapili ijayo," Tidwen akasema. "Siku yao ya mwisho ni siku yetu ya kwanza. Wao bado wanasherehekea, sisi tumemaliza kufunga. Mnaweza kula meza moja, na hakuna atakayegusa hesabu ya mwenzake. Tangu mwanzo ilikuwa hivyo. Mwezi haujawahi kuwakataza."

Nilisikia aibu iliyonifika mpaka miguuni. Sote tulijua kuhesabu hadi nane. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amehesabu.

"Lakini nani aanze kwenda?" Eadhelm akauliza, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

"Mwenye haki ndiye aende kwanza. Aliye na kosa ana aibu, miguu yake mizito. Wewe miaka yote unasema una haki, Padre. Basi nenda."

Kesho yake, Jumapili ya Matawi, Padre Eadhelm alivua viatu, akavuka mchanga peke yake akiwa hajala. Nilitumwa nimfuate kwa mbali, wasije wakampiga. Alifika wakati Dima na watu wake wameketi kwenye mlo wao wa Pasaka. Dima hakuinuka. "Umekuja kunihesabia mwezi?" akauliza. Eadhelm akasema, "Nimekuja kuandaa meza." Alichukua sahani mikononi mwa mtawa aliyekuwa akigawa, akamwandalia kila mmoja nyama na mkate, akawamiminia maji mikononi, na yeye mwenyewe hakuonja kitu kwa kuwa kwake ilikuwa bado Kwaresima. Alifanya yote hayo vibaya, akimwaga mchuzi, maana hakuwahi kuandaa meza maishani. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza aliwaambia habari za Tidwen, akapiga magoti mbele ya Dima akasema, "Mlango niliufunga mimi." Dima alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo muda mrefu. "Jumapili tutakuja," akasema.

Tidwen alipoambiwa alicheka kwa sauti, kisha akaanza kutoa maagizo. Mayai yachemshwe mangapi, mwanakondoo yupi, Dima hana meno basi mkate wake uwe laini. Tulimsihi anywe maziwa sasa, kwa kuwa neno limekwisha kutolewa. "Neno si chakula," akajibu. "Wiki moja si kitu." Jumamosi Kuu aliomba abebwe mpaka mlangoni. Siku ilikuwa nyeupe, maji yamekupwa, moshi wa Mewey umesimama wima. Aliutazama. Alisema, "Wajao kesho njia yao ni kavu," na baadaye kidogo hakuwa akitazama tena. Alikufa saa sita mchana, na katika tumbo lake mlikuwa na maharage ya jana yake.

Jumapili maji yalichelewa kutoka. Baada ya Misa meza iliandaliwa, moja, ndefu, kutoka ukutani mpaka ukutani, nasi tulisimama pembeni yake tumeshinda na njaa ya siku arobaini, hakuna aliyegusa. Alasiri wakaja, Dima mbele, miguu imejaa mchanga. Wakaketishwa kati yetu. Dima akatazama huku na huku. "Yuko wapi mpishi?" akauliza. Mama Mkuu akamwambia. Tulikuwa tumemlaza kanisani, hatujamzika.

Mzee akaisukuma sahani. "Sina njaa," alisema. Hapo Padre Eadhelm, aliyeketi kando yake, alichukua yai, akalimenya polepole kwa vidole vyake visivyozoea, akaliweka kiganjani mwa Dima.

"Kula, Baba," akamwambia. "Anatungoja."

Dima alikula. Baada yake tulikula sote, huku machozi yakitudondokea katika chumvi, mpaka mtu wa mwisho, ambaye nilikuwa mimi. Ndipo tukaenda kumzika.

Padre Dima hakubadili hesabu yake mpaka kufa, na hakuna aliyemlazimisha. Alizikwa kando ya Tidwen mwaka 677, na aliyemchimbia kaburi ni Eadhelm. Kila Pasaka watu wa Mewey walikuja, na hesabu zikitofautiana walikuja siku yao ya nane, na Eadhelm aliwaandalia kwa mikono yake, akizidi kuizoea kazi kidogo kidogo. Watu wagonjwa wa tumbo huja kusali kaburini pa Tidwen, na baadhi yao nimewaona wakirudi nyumbani na hamu ya kula. Siku hizi hesabu ni moja katika nchi nzima, vijana hawajui tuligombania nini, nasi wazee twaona haya kuwaeleza.

Enyi mnaosoma, msidhani kwamba Pasaka ikiwa moja na meza ni moja. Hapa Selness, leo, wako ndugu wawili wasiosemezana tangu mavuno kwa ajili ya ufunguo wa ghala. Mmoja ni mlinzi wa ghala, na wa pili ni mimi. Katika jambo hilo haki ni yangu, nyumba nzima yajua. Kwa hiyo naweka kalamu chini, imenipasa niende.