Kalamu Nyekundu Kwenye Daftari la Kasokola

Amefariki. Habari nilipewa stendi na kondakta wa basi la Inyonga, akanitajia msiba huku akipakia magunia. Juzi tumemzika Kasokola, nami nimerudi na daftari kwapani na moyo mchafu. Wasomaji wangu mniwie radhi, leo safu hii haina utani.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini marehemu alituunganisha watu wanne tuliopenda kuandika hadithi: yeye mkulima, nesi wa Inyonga, seremala wa Misunkumilo, na mimi wa Mpanda mjini. Pa kukutania hatukuwa napo, ila tulikuwa na daftari moja lililozunguka kwa basi na baiskeli. Kila mmoja aliandika hadithi yake, akasoma za wenzake, akaweka maoni pembeni. Sharti la marehemu lilikuwa moja, maoni yaandikwe kwa penseli. "Hadithi ni ya mwenyewe," alituambia. "Nyie mkishasema, yeye ndiye anaamua afute nini." Alinunua penseli moja, akaikata vipande vinne, akatugawia.

Kisha gazeti likachapa makala yangu ya kwanza, kichwa kikavimba. Wakati huohuo daftari likanifikia likiwa na hadithi yake ya kwanza, maana miezi yote alikuwa akisoma zetu tu. Ilimhusu mama yake, aliyevuka Malagarasi akikimbia Burundi na mtoto mgongoni, akafika ng'ambo mtoto amekwishakufa. Nilichukua kalamu nyekundu, nikakata ukurasa mzima mstari kwa mstari, nikaandika chini: "Hii si hadithi, ni kilio. Mama yako anamhusu nini msomaji?" Nilijiona mhakiki. Nilikuwa mshenzi. Aliendelea kulizungusha daftari miaka kadhaa, akitusoma kwa uangalifu uleule, lakini yeye hakuandika tena. Nilipomuuliza alicheka: "Mimi shamba linanitosha, ndugu yangu." Nikamwamini, kwa sababu kumwamini kulinifaa.

Msibani nilisimamishwa nimsemee kama mwandishi mwenzake. Nikasema alipenda vitabu, nikakaa. Baadaye mjane wake akaniita pembeni. "Shemeji, alisema ukija upewe hili." Nililifungua palepale. Alikuwa amejaribu kukwangua wino wangu kwa wembe, taratibu, mstari baada ya mstari, hadi karatasi ikatoboka. Wino ulitoka na maneno yake. Pale mama anapoingia mtoni pana tundu, na hakuna aliye hai anayejua palikuwa pameandikwa nini.

Sisi wa magazetini tumezoea kuita ukatili wetu ukweli, na tunasifiwa kwa hilo. Pengine sentensi zake zilikuwa na kasoro kweli. Hata hivyo, anayepewa kazi ya mwenzake mkononi aiguse kwa namna ambayo mwenyewe anaweza kuifuta. Jana nimepekua droo, nimekipata kipande changu cha penseli. Hakijawahi kuchongwa.