Digrii Tano Nilizowaongezea Wenzangu

Wakuu, nilimtoa rafiki yangu damu ya pua kwa sababu ya maji yaliyokataa kufika digrii mia.

Cheka tu. Hata mimi nilikuwa nacheka nikiisimulia, ila huwa naikatisha katikati. Leo naimaliza.

Mwaka 1976. Nilikuwa kidato cha nne kwenye sekondari moja juu milimani Uluguru, upande wa Mgeta. Jina la shule naliacha, waliosoma pale watajijua. Mimi Athanas, mtoto wa mjini Morogoro, baba fundi wa reli. Baridi ya kule ilinikuta sina hata sweta.

Wa fizikia tulikuwa kumi na wanane. Mwezi wa tatu mwalimu wetu, ambaye ndiye alikuwa wa pekee, akahamishwa. Tukaambiwa mwingine yuko njiani.

Mwezi wa tano, hola. Wa saba, hola. Mtihani wa taifa mwezi wa kumi na moja.

Tukaenda kwa mkuu wa shule. Yeye mwenyewe alikuwa anafundisha Siasa. Akatusikiliza vizuri, akavua miwani, akasema, "Vijana, fundishaneni. Kujitegemea ndiko huko."

Nilitoka pale nimefura. Kujitegemea kwenye mashamba sawa, jembe lipo. Fizikia unajitegemeaje na kitabu kimoja kisicho na jalada?

Kazi ikaniangukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa naongoza darasa. Kila jioni tukitoka kupalilia njegere za shule, matope hadi magotini, tunaingia maabara. Mimi ubaoni, wenzangu kwenye mabenchi wanapigana na usingizi.

Kuna wawili lazima muwajue.

Wa kwanza Yustina. Alitaka kwenda chuo cha uganga wa hospitali, na bila kufaulu fizikia hapokelewi. Kwao hakuna aliyewahi kufika sekondari kabla yake. Huyu aliandika kila nilichosema, nadhani hata kikohozi changu alikiandika.

Wa pili Dadi. Mluguru wa pale pale, ukisimama mlangoni pa maabara unaiona nyumba ya mama yake ng'ambo ya bonde. Rafiki yangu, tunalala vitanda jirani. Lakini darasani alikuwa ananipandisha presha.

Ukimwambia kitu, lazima aulize, "Umejuaje?"

"Kitabu kimesema."

"Na kitabu kimejuaje?"

Jamani. Miezi mitatu ya maisha hayo.

Sasa ikafika zamu ya kufanya mazoezi ya praktiko, ule mtihani wa vitendo. Tulisikia kwamba mara nyingi huwa wanatoa ile ya kuchemsha maji, unaandika yamechemkia digrii ngapi, unayaepua, unapima kila dakika yanavyopoa, halafu unachora grafu. Tukatoa themometa kwenye kabati, tukawasha jiko la mafuta ya taa.

Maji yakachemka, mapovu hadi juu. Themometa ikapanda mpaka tisini na tano, ikatulia hapo.

Tukasubiri. Tukaongeza moto. Tisini na tano.

Tukabadilisha themometa. Tisini na tano. Tukajaribu zote sita zilizokuwemo kwenye boksi. Kila moja tisini na tano, na kitabu kinasema maji yanachemka kwa digrii mia.

Mwenzetu mmoja akanong'ona kwamba maabara imefanyiwa mambo. Wengine walicheka, wengine hawakucheka.

Mimi nikajifanya mtaalamu. Nikasema hizi themometa zimetoka kiwanda kimoja, zote zina kasoro moja, zinasoma pungufu digrii tano. Dawa yake ni ndogo tu: kila unachosoma, ongeza tano.

Yustina akaandika, akapiga mstari chini. Ongeza tano.

Dadi akanyoosha mkono. Nikajua tayari.

"Athanas, mbona mama akipika maharage hapa yanachukua mchana kutwa, na mama mdogo kule Ngerengere akipika haya haya, tunampelekea sisi wenyewe, yanaiva upesi? Maji ya huku yanachemka, lakini hayana moto wa kutosha. Themometa ni nzima."

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote.

"Kwa hiyo tuwaandikie wasahihishaji habari za maharage?"

"Andikeni mnachokiona," akasema. "Mimi nitaandika tisini na tano."

Angeishia hapo, tungebaki salama. Lakini wiki moja kabla ya mtihani nikamkuta bwenini anawaambia wenzetu wawili wasiongeze tano. Wale tayari walikuwa wameanza kuyumba. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na nafasi yangu ya kidato cha tano ilikuwa inaning'inia kwenye mtihani ule ule ambao sikuwa na muda wa kuusomea kwa ajili ya kuwafundisha wao.

Nikampiga ngumi. Damu ikamtoka puani.

Hakurudisha. Alijifuta kwa shuka, akaniambia, "Umejuaje, Athanas? Nijibu tu hilo."

Nikawageukia wale wawili, nikawaambia waongeze tano.

Siku ya praktiko akaja msimamizi kutoka nje, bwana mmoja mnyamavu wa suti ya Kaunda, na boksi la themometa mpya kabisa. Swali likawa lile lile la maji yanayopoa. Moyoni nikashangilia.

Maji yangu yakachemka. Nikasoma.

Tisini na tano.

Kwenye themometa mpya. Nikaitoa, nikaifuta, nikaitumbukiza tena. Ile ile. Nikajituliza kwamba labda hizi nazo ni za kiwanda kile kile. Nikaandika mia kwa penseli. Nikaendelea kupima, kila dakika naongeza tano.

Zikiwa zimebaki dakika kama ishirini na tano, grafu yangu ikachafuka wino. Nikaenda mbele kuomba karatasi nyingine. Msimamizi akainama kuitafuta kwenye mkoba wake.

Juu ya meza yake kulikuwa na jiko, chombo cha maji, na karatasi aliyokuwa anaijaza. Kumbe na yeye alikuwa anafanya jaribio lile lile, ili wasahihishaji wapate cha kulinganishia majibu yetu.

Mstari wa kwanza kwenye karatasi yake: maji yamechemka, digrii 95.

Dadi alikuwa sahihi. Watu kumi na sita, mimi wa kumi na saba, na kosa lote nimelipanda mimi kwa mikono yangu.

Akanipa karatasi, akainamia maji yake. Nikageuka kurudi kwenye nafasi yangu. Njiani ni lazima nipite pembeni ya Yustina. Niliiona karatasi yake, mwandiko ule wake wa kupendeza, na ile mia juu kabisa. Alinyanyua macho akaniangalia, kama mtu anayeuliza, tuko pamoja?

Msimamizi alikuwa bado ameinama. Ningeweza kunong'ona neno moja. Ningeweza kutikisa kichwa tu.

Lakini ukikamatwa unaongea kwenye mtihani wa taifa, unafutiwa yote.

Nikampa tabasamu. Nikapita.

Nilipokaa nikachukua ufutio. Nikafuta mia. Nikapunguza tano kila mahali, nikachora grafu upya. Nilimaliza kengele inagonga.

Matokeo yalipotoka, fizikia tulifaulu wawili. Dadi na mimi. Wengine wote karatasi zao za praktiko zilionekana za kubuni, maana haiwezekani watu kumi na sita wapate mia mahali ambapo msimamizi amepata tisini na tano.

Shuleni walisema tuliofaulu ni vichwa.

Mimi na Dadi tulichaguliwa shule moja ya kidato cha tano. Kwenye basi kutoka Msamvu, stendi ya Morogoro, tulipouacha mji nyuma kabisa, akaniambia, "Ulifuta. Nilikuwa meza ya pili, nilikuona."

"Nilifuta."

"Mimi usiniombe radhi. Mimi nilifaulu."

Nilikuja kusoma huko kwamba ukipanda juu, hewa inapungua uzito, na maji yanachemka kabla ya mia. Ukurasa mmoja tu. Nimekuwa mhandisi kwa ukurasa ule. Dadi alifundisha fizikia miaka thelathini, amefariki mwaka juzi, Mungu ampumzishe.

Mwaka jana nikiwa Msamvu nasubiri gari, mama mmoja akanishika bega. Yustina. Uganga hakuupata. Alirudi kwao, akalima, akalea.

Alikuwa na mjukuu wake, binti mkubwa, nesi. Akanishika mkono, akamwambia yule binti kwa fahari kabisa, "Msalimie babu yako. Huyu ndiye alikuwa mwalimu wangu wa fizikia. Alitufundisha bure, jioni zote, sisi tu ndio vichwa vilikuwa vigumu."

Binti akanitajia jina lake, akaniamkia. "Shikamoo babu."

Nikaitikia marahaba. Nikapanda gari. Mara ya pili nampita yule mama na tabasamu.

Wakuu, kukosea kufundisha si dhambi, sote tulikuwa gizani. Ila ukishajua kwamba uliwapoteza watu, kujisahihisha mwenyewe kimya kimya ni wizi. Warudie, uwaambie, hata kama umechelewa.

Yustina, mjukuu wako yumo humu jukwaani, nimeliona jina lake. Mwambie akusomee. Kichwa chako hakikuwa kigumu. Uliandika nilichokuambia.